Sauti ya Shemeji Hassan

Timbwani, Likoni, Mombasa
10 Novemba 2024

Dada yangu Ummi,

Assalaam aleikum, na shikamoo tele. Huku tu wazima. Mama mdogo Mwanarehema anakusalimu. Magoti yamsumbua, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja. Jana kamfukuza muuza samaki mlangoni kwa kumwambia kibua chake kilivuliwa kabla ya uhuru. Mvua za vuli zimetukuta na paa linalovuja, nami nalala na sufuria kando ya mto wangu.

Barua hii inakuja na Bwana Mwidani, ndani ya furushi la leso anazokwenda kuuza huko. Najua utacheka: mtu anayerusha kipindi chake dunia nzima kwa intaneti leo anaandika kwa kalamu kama babu yetu. Simu yangu siiamini, na yako siiamini hata zaidi. Kiswahili ndicho chumba chetu cha ndani. Babu alipomwoa Bibi hapa hapa Timbwani akarudi naye Mukalla, Yemen, hakujua kuwa lugha ya mkewe itakuja kuwa kufuli ya wajukuu. Askari wa vizuizini huko wataifungua karatasi hii, wataigeuza juu chini, na hawataambulia neno.

Je, kipindi mmekisikia? Kilitoka tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita. Tangu walipolifunga gazeti letu nikatoka huko na mkoba mmoja, sijafanya kazi ya kuifikia hii. Ghala la samaki hapo kwenu limegeuzwa jela, watu wamo ndani bila shtaka, na mji mzima wanong'ona lakini hakuna aliyeliona kwa ndani. Isipokuwa Shemeji Hassan, kwa sababu hata jela ya siri inahitaji maji, na lori la maji ni lake. Jina lake sikulitaja. Sauti yake niliitoa pia, nikampa mwalimu mmoja wa madrasa kule Kisauni, Mshihiri mwenzetu wa asili ya Yemen, akayasoma maneno yake kwa Kiarabu chini ya blanketi chumbani mwangu, maana honi ya feri haina adabu. Hakuna atakayemjua.

Mbona basi kimya? Mwambie Shemeji aniandikie japo mistari miwili. Nina mengi ya kumwuliza kwa ajili ya sehemu ya pili. Nadira mpe salamu za mjomba wake, na mwambie asikue haraka, nisije nikamkosa.

Ni mimi nduguyo,
Mansur


Mukalla
19 Desemba 2024

Mansur, mdogo wangu,

Waaleikum salaam, na marahaba. Barua imefika. Mwidani alinipa na leso moja ya bure, rangi ya chungwa inayopiga kelele kuliko yeye mwenyewe. Nimeikunja nimeiweka.

Hatujambo, twashukuru. Nadira kawa wa pili darasani, na adai wa kwanza kaiba majibu. Mwezi huu binti wa jirani aliolewa. Walinitaka nikampambe bibi harusi, kama kawaida, sikwenda. Mguu waniuma. Mwidani asema safari ijayo ataniletea halua na udi. Halua na ije. Udi asilete, wala manukato ya aina yoyote. Kichwa changu hakivihimili siku hizi.

Kipindi tulikisikia. Mji mzima ulikisikia, madirisha yamefungwa. Umefanya kazi, Mansur. Juu ya hilo sina la zaidi.

Hassan hayupo. Yuko mbali, na huko aliko hapana njia ya kuandika. Usimpigie simu, wala usimtume mtu kumtafuta. Wanisikia? Nakwambia kama mkubwa wako, sikuombi. Ukiwa na swali niulize mimi. Mimi na yeye hatukufichana kitu.

Wewe wala? Kila mara waniandikia habari za magoti ya Mama mdogo na za paa, za tumbo lako hujaniandikia. Ziba paa kwanza, ndipo uiokoe dunia.

Dada yako,
Ummi


Mikindani
2 Februari 2025

Dada Ummi,

Assalaam aleikum na shikamoo. Ukiona anwani imebadilika usishtuke. Mimi mzima, nala, na nimenenepa, maana nimepanga kwa mama mmoja Mgiriama aitwaye Nyevu ambaye huuza mahamri na mbaazi alfajiri, na yanayobaki ni yangu. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni akaniuliza, "Mwarabu gani wewe huna duka?" Nikamwambia duka langu ni maneno. Akasema, "Basi kodi utanilipa mapema, kabla hayajaoza."

Nimehama kwa sababu watu wawili walikuja Timbwani kuniulizia. Mmoja aliongea Kiswahili cha bara, mwingine hakuongea kabisa. Walisema wameniletea kazi. Mama mdogo, wallahi sijui aliwaza vipi upesi hivyo, akawajibu, "Mansur? Alikwenda Lamu kuoa. Nyinyi hamkualikwa?" Kisha akafunga mlango, akakaa chini nyuma yake mpaka magharibi. Usiku ule ule nilivuka feri nikaja huku Mikindani, upande wa pili wa Mombasa, na mashine zangu ndani ya gunia la nazi.

Aliyewatuma namfahamu. Mwenye lile ghala huko kwenu ana nyumba Nyali hapa, nyumba ya ukuta mrefu na mbwa, na ana makontena yake Changamwe. Nimeyaona kwa macho yangu. Yamechorwa alama: nguru wawili wa buluu, wamepeana migongo. Sasa nahitaji jambo moja tu. Je, alama hiyo iko pale ghalani? Ikiwa iko, nimemshika. Ikiwa haiko, nina uvumi tu, na uvumi sitangazi.

Nilimwomba Shemeji mistari miwili tu, si jibu si salamu. Nisamehe, lakini nimekasirika. Mtu akiingia kazi hii huingia na miguu yote miwili. Mwambie hivyo. Mwambie sikujua kuwa mume wa dada yangu ni mtu wa kujificha nyuma ya leso ya mkewe.

Nimemtuma Mwidani akuletee udi mzuri, hata kama umesema hutaki. Kichwa kitapona.

Nduguyo,
Mansur


Mukalla
11 Machi 2025

Mansur,

Waaleikum salaam. Ramadhani karimu. Tunafunga salama. Nadira asema atafunga mwezi mzima mwaka huu, ingawa nimemwambia mwili wake bado mdogo. Amekuwa mkimya. Zamani akisoma Kurani sauti yake ilifika kwa jirani, sasa asoma kwa midomo tu.

Udi nimemrudishia Mwidani. Nilikwambia sitaki, ukadhani natania.

Swali lako ndilo hili, na jibu lake ndilo hili: alama ya nguru wawili waliopeana migongo, buluu, ni ya ghala lile. Nimeiona mwenyewe, karibu kabisa, kama ninavyoiona karatasi hii. Huna haja ya shahidi mwingine. Andika.

Yale maneno ya kujificha nyuma ya leso sikumsomea mtu. Nimeyakunja pamoja na barua yako. Siku moja utatamani kalamu yako ingalivunjika kabla ya kufika hapo, na siku hiyo mimi sitakuwa na nguvu za kukubembeleza. Nakwambia mapema.

Maliza kazi hiyo. Usiniulize tena habari za watu. Maliza kazi.

Ummi


Mikindani
21 Aprili 2025

Dada yangu,

Assalaam aleikum. Idi tumekula. Mama Nyevu, Mkristo wa watu, aliniletea pilau chumbani ili nisile sikukuu peke yangu. Nililia mbele yake kama mtoto. Alidhani ni pilipili, au alijifanya kudhani.

Maisha yangu yote nimekula mkate kwa kusoma kile ambacho watu hawakukiandika. Mawaziri nimewasoma, majenerali nimewasoma. Barua zako mbili zimekaa juu ya meza yangu siku zote hizi, nami sikuzisoma.

Mtu ambaye hupamba maharusi wa mtaa mzima hakwenda harusini. Leso ya rangi kaikunja kaiweka. Udi hataki, manukato hataki. Mwidani nimembana leo mpaka akaapa kuwa ulimwapisha, lakini kaniambia hili moja, kwamba mzigo ulimpokea kwa mkono tu, kutoka nyuma ya pazia, tangu Desemba. Na wewe usiyetoka nyumbani, alama ya ghala uliiona wapi, tena karibu kabisa?

Dada, ulikuwa edani?

Niambie tu. Sitaki Mwidani aniambie, sitaki kulisikia kwa mtu wa feri au wa sokoni. Nataka kwako.

Mansur


Mukalla
2 Juni 2025

Mansur, mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Tu wazima, mimi na Nadira. Tumebaki wawili.

Ndiyo. Eda yangu ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, ilikwisha katikati ya Ramadhani. Barua yako ya kwanza, ile ya muuza samaki na sufuria, niliipokea nikiwa nimeshavaa nguo za wafiwa. Uliuliza mbona Shemeji kimya, na yeye alikuwa keshazikwa.

Nitakueleza mara moja tu, halafu tusirudie.

Usiku wa kipindi chako tulikaa sakafuni, mimi na yeye, simu katikati yetu, sauti chini. Mwalimu wako alisoma vizuri. Kiarabu chake safi, cha mtu yeyote. Akafika pale pa yule kijana aliyefungwa juani aliyeomba maji, na mlinzi akachukua ndoo akayamwaga mchangani mbele yake. Hapo ikatoka sauti nyingine, ya mtu mwingine, ikasema, "Masikini, mwana wa watu!" Kwa Kiswahili, Mansur. Katikati ya Kiarabu.

Hassan akanitazama. Hata jina lako hakulitaja. Nikamwambia, kimbia. Akasema, nikikimbia watakuchukua wewe na mtoto. Akaenda akaoga, akavaa kanzu safi, akakaa. Walinzi wa ghalani walikuwa wakimwita "Sawahili" kila anaposhusha maji, wakimwiga na kumcheka. Familia za watu waliorudi kutoka Mombasa wazijua, twahesabika. Mwenye lori la maji kati yetu ni mmoja. Wewe ulidhani Kiswahili ni kufuli. Kufuli nayo humwonyesha mwizi palipo na mali.

Walimchukua siku ya tatu. Baada ya wiki moja na kitu walimrudisha, wakamweka mlangoni, amefungwa ndani ya turubai. Turubai lilikuwa na nguru wawili wa buluu. Nililifungua kwa mikono yangu, ndiyo maana nikakwambia niliiona karibu. Walituamuru tusiweke tanga, tusisomeshe hitima, tusimwambie mtu. Alizikwa na watu wanne.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Kwa sababu nakujua tangu ukiwa mwana wa kubebwa. Ungevunjika, ungeacha. Hassan aliuawa kwa ajili ya kazi hii, na kazi ikiachwa nusu basi kauawa kwa nini? Nilitaka uimalize ukiwa hujui. Nilipokuandikia Hassan yuko mbali na hapana njia ya kuandika, sikusema uongo.

Nina haja mbili. Ya kwanza, katika sehemu ya pili litaje jina lake. Jina lake na la baba yake, mwanzo kabisa, kabla ya jina la yule mwenye ghala. Hapana tena wa kumficha.

Ya pili si yangu, ni ya Nadira. Simu zetu zote walizichukua siku ile, na picha na kila kitu kilichokuwamo. Mtoto asema sura ya babake aikumbuka, ila sauti yaanza kumtoka. Kwako uko ule mkanda aliokutumia Hassan, aliozungumza mwenyewe. Mpe Mwidani. Yale ya jela yaondoe ukitaka, tuachie hata pale anapotoa salamu.

Ummi


Mikindani
5 Julai 2025

Dada yangu,

Shikamoo, ikiwa bado wapokea shikamoo yangu.

Sehemu ya pili imetoka Ijumaa ya wiki iliyopita. Jina lake limo mwanzo, na la baba yake, kama ulivyotaka. Nimelisema mwenyewe, kwa sauti yangu. Yule mwenye ghala kaifunga nyumba ya Nyali, wasema kaenda nje kutibiwa. Makontena ya Changamwe yamepakwa rangi upya. Hakuna aliyekamatwa. Watu wengi wameniandikia kunipongeza, na kila pongezi naisoma nikiona haya.

Sasa la Nadira. Sijui niliandike vipi, kwa hiyo naliandika lilivyo.

Mkanda haupo. Ndiyo kanuni ya kazi yetu, ukishamficha shahidi unaharibu kila kinachoweza kumfichua. Kile kikadi cha simu alichojirekodia, alichokileta Mwidani, nilikivunja kwa jiwe kwenye ua wa Mama mdogo, nikakitupa chooni. Nakala ya kwenye mashine niliifuta, kisha nikafuta mahali ilipokuwa. Nilijisifu kwa hilo. Nilimwambia Mama mdogo, hata mimi mwenyewe leo siwezi kumpata Hassan.

Kilichobaki ni ile sauti ndogo tu, kwa sababu imo ndani ya kipindi. Mwalimu wa Kisauni alilirudia jambo la yule kijana na ndoo mara nyingi, na kila mara likatoka kama hotuba ya Ijumaa. Nikasema, hapa moyo umekosekana. Nikamchukua Hassan pale anaposikitika, nikambandika. Wallahi, dada, sikusikia kuwa ni Kiswahili. Bibi akituuguza kwa maneno hayo hayo. Yaliingia masikioni mwangu kama mtu anavyougua kwa uchungu, na mtu akiugua humwulizi lugha.

Basi ndilo hilo. Kwangu hapana sauti nyingine ya Hassan, na hiyo iliyopo ndiyo iliyompeleka kaburini. Naweza kuikata nikaisafisha: kuna pumzi kabla yake, na nyuma yake injini ya lori inanguruma, hayo yote naweza kuyaondoa libaki neno peke yake. Lakini sijui kama ni haki mtoto kusikilizishwa neno hilo. Wewe ndiye mamake. Ukisema nisilete, sitaleta.

Msamaha sikuombi. Najua hujauweka mahali ninapoweza kuufikia.

Mansur


Mukalla
17 Agosti 2025

Mansur,

Waaleikum salaam. Marahaba.

Tulilisikia jina lake, kupitia ukutani kwa jirani. Nadira alitoka uani akasimama peke yake, akarudi akaniambia, "Mjomba kalitamka vizuri." Asubuhi yake jirani mmoja, ambaye tangu Novemba alikuwa akipita kwetu akitazama chini, alileta sahani ya samaki na wali, akaiweka kizingitini bila kubisha hodi. Ndiyo tanga letu hilo, limechelewa.

Kama nimekusamehe, sijui. Kuna siku naamka nimekusamehe, ikifika adhuhuri sijakusamehe. Nikijua nitakuandikia. Wewe endelea kuandika hata nisipojibu, na usihame tena bila kunieleza. Mshukuru Mama Nyevu kwa ile pilau.

Nilimwambia Nadira ukweli wote, kwamba mkanda umevunjwa, na kilichobaki ni kipi, na neno lenyewe lilifanya nini. Ni mkubwa kuliko tulivyodhani. Kipindi chenyewe hatuthubutu kukifungua tena humu ndani, ule muziki wako wa mwanzo watu wote waujua. Aliniuliza ile sauti ni ndefu kiasi gani. Nikamwambia haifiki hata ya mtu kumaliza kufunga mlango. Akasema, "Basi nitaisikiliza mara nyingi."

Mpe Mwidani akija. Usiisafishe. Lori liache lingurume, lilikuwa lake. Na ile pumzi usiikate, Mansur, maana nayo ni yake.

Ummi